Shemeji aliyepanda mlima

Blaise Pascal hakuupanda ule mlima. Miaka mingi niliposoma habari za jaribio la kupima uzito wa hewa kwenye mlima wa Puy de Dôme, Ufaransa, nilimwona yeye akilini, mrija wa kioo mkononi, anahema kwenye ukungu. Kumbe siku ile alikuwa Paris, afya imegoma, na aliyehema alikuwa shemeji yake. Jina lake Florin Périer, mume wa dada mkubwa Gilberte, afisa katika mahakama ya kodi mjini Clermont. Kosa lake lilikuwa moja tu, kuishi karibu na mlima huku ana shemeji mwenye maswali.

Tangu nilipolijua hilo nimemsoma Pascal kwa jicho jingine. Shuleni alikuwa jina la kipimo cha shinikizo, herufi mbili mwishoni mwa jibu, na ukizisahau mwalimu anakukata alama. Nilipokuja kumsoma ukubwani, kila nilipogusa nilikuta ndugu. Mashine yake ilikuwa ya baba. Mlima ulikuwa wa shemeji. Habari za utoto wake aliziandika dada, na vitabu vyake vikubwa vilitolewa na shemeji na mpwa baada ya yeye kuzikwa. Sijui kama kuna mwanasayansi mwingine wa karne ya 17 ambaye kazi zake zinanuka nyumba kiasi hiki.

Nianze na baba, maana huyo ndiye aliyeniingiza mimi.

Étienne Pascal alikuwa afisa wa kodi mjini Clermont, katika nchi ya Auvergne, katikati ya Ufaransa. Blaise alizaliwa hapo tarehe 19 Juni 1623. Mama, Antoinette Begon, alifariki mwaka 1626, akaacha watoto watatu: Gilberte, Blaise mwenye miaka mitatu, na Jacqueline aliyekuwa bado mchanga. Étienne hakuoa tena. Mwaka 1631 alihamia Paris na watoto wake akaamua kuwafundisha mwenyewe nyumbani. Alikuwa mwanahesabu mzuri kwa haki yake. Kuna mchirizo mmoja katika jiometri, wenye umbo kama konokono, ambao mpaka leo unaitwa wa Pascal, na Pascal huyo ni baba, si mwana. Lakini kwa mwanawe alipanga Kilatini na Kigiriki kwanza, hesabu zisubiri mpaka kijana afike miaka 15 au 16. Alizijua. Alijua zikishamwingia mtoto hakutabaki nafasi ya kitu kingine.

Gilberte anasimulia kwamba Blaise, akiwa na miaka 12, alianza kuchora sakafuni kwa mkaa. Hakuwa na majina ya vitu, kwa hiyo duara akaliita “mviringo” na mstari “ufito”, na kwa miviringo na fito zake akasogea hatua kwa hatua mpaka akafika kwenye hoja ya 32 ya kitabu cha kwanza cha Euclid, ile isemayo kwamba pembe tatu za pembetatu zikijumlishwa zinalingana na pembe mraba mbili. Baba akaingia, akaona, akatoka bila kusema neno, akaenda kwa rafiki yake akilia. Najua wataalamu wengine huitilia shaka simulizi hii. Dada anayemsimulia mdogo wake aliyekufa hasimulii kama hakimu. Lakini lile neno “ufito” linanifanya nimwamini. Mtu anayetunga sifa hakumbuki neno dogo kama hilo.

Baada ya hapo marufuku ilikwisha. Kijana akaanza kufuatana na baba kwenye vikao vya padri Marin Mersenne, mahali walipokutana wanahesabu wa Paris. Akiwa na miaka 16 akachapisha karatasi moja juu ya mikato ya koni. Kiini chake kinavutia mpaka leo: chora pembesita ndani ya duara au duaradufu, refusha pande zinazokabiliana mpaka zikutane, na sehemu tatu zinapokutana zitakuwa kwenye mstari mmoja ulionyooka. Kila mara. Mwanafalsafa Descartes aliletewa habari, akasema kijana bila shaka kajifunza kwa mwanajiometri Desargues. Kwa kiasi alikuwa sahihi, na Pascal mwenyewe alikiri deni hilo. Lakini alilisema kwa ile sauti ya mzee asiyetaka kushangaa.

Sasa mashine. Étienne alikuwa amegombana na serikali mwaka 1638, pale Kardinali Richelieu, waziri mkuu wa mfalme, alipopunguza malipo ya watu waliokuwa wameikopesha dola. Alilalamika hadharani pamoja na wenzake, akatafutwa, akakimbilia kwao Auvergne. Aliyemwokoa ni Jacqueline, mtoto wa miaka 13, aliyeigiza mchezo mbele ya Richelieu na mwishoni akamwombea baba msamaha. Richelieu alisamehe, kisha akampa kazi: kasimamie kodi Rouen, jimbo la Normandie. Msamaha wa namna hiyo ni adhabu iliyovaa nguo nzuri. Normandie ilikuwa imetoka tu kwenye uasi wa mwaka 1639, uliochochewa na kodi zenyewe.

Baba yangu alikuwa karani wa chama cha ushirika cha pamba. Msimu wa ununuzi alirudi usiku na daftari refu kuliko mkono wangu, lenye majina ya wakulima, kilo, na fedha. Baada ya chakula mezani palibaki karabai, daftari na mimi. Kazi yangu ilikuwa kusoma tarakimu kwa sauti, yake kujumlisha. “Andika saba, nne kichwani.” Tukifika chini jumla haifungi, tofauti senti kadhaa, tunaanza juu upya. Mara nyingine nilisinzia nikaruka mstari mzima, akajua, hakunigombeza, akasema tu, “Rudi kwa Masanja.” Nilikuwa mashine yake ya kukokotoa, na nilikuwa mashine mbovu.

Kwa hiyo niliposoma kwamba Blaise, mwaka 1642, hajatimiza hata miaka 20, alimwona baba yake akikesha na hesabu za kodi za jimbo zima akaamua kumtengenezea chombo, sikuhitaji kuelezwa zaidi. Tena fedha zao zilikuwa mateso: denie 12 zinafanya sol moja, sol 20 zinafanya livre moja. Ukijumlisha unabadilisha mwendo kila safu.

Chombo chenyewe ni kisanduku cha shaba, unaweza kukibeba kwapani, chenye magurudumu mbele na vidirisha juu vinavyoonyesha tarakimu. Unazungusha gurudumu kwa kijiti. Ugumu haukuwa kwenye kujumlisha, ulikuwa kwenye ile “nne kichwani”. Gurudumu likitoka 9 kwenda 0 lazima jirani yake asogee moja. Rahisi kusema. Lakini fikiria 999,999 ujumlishe 1: magurudumu yote yanatakiwa yasogee kwa pamoja, na kidole kimoja hakina nguvu ya kuyasukuma yote. Pascal alitumia kipande cha chuma ambacho gurudumu linakiinua polepole kadiri linavyozunguka, na likifika 0 linakiachia. Kikianguka, uzito wake wenyewe unamsukuma jirani hatua moja. Nguvu inawekwa akiba kidogo kidogo, inatolewa inapohitajika. Hasara yake ni kwamba magurudumu hayarudi nyuma, kwa hiyo kutoa kulifanywa kwa ujanja wa kujumlisha kijalizo cha tisa, yaani kile kinachokosekana kila tarakimu ifike 9. Mimi huu ujanja wa kuanguka ndio unaonivutia kuliko yote. Mtu aliyekuja kuwa maarufu kwa uzito wa hewa alianza kwa kuutumia uzito wa chuma.

Alitengeneza sampuli zaidi ya 50 kabla hajaridhika, mwaka 1645 akaitoa hadharani, na mwaka 1649 mfalme akampa hati ya kuilinda. Bei ilikuwa livre 100, na wanunuzi walikuwa wachache. Fundi saa mmoja wa Rouen alikuwa amejaribu kuunda yake kwa kusikia habari tu. Ikatoka nzuri kwa nje, ndani haifanyi kazi. Pascal aliiita kiumbe kilichoharibika mimba, na akaeleza kwa kirefu kwamba mafundi wasio na nadharia wasijaribu mambo kama hayo. Hapa namtetea fundi. Sampuli 50 za Pascal hazikuchongwa na nadharia, zilichongwa na mikono ya mafundi wa Rouen, na baadhi yao ukienda Paris au Clermont leo utaiona kazi yao ndani ya makabati ya vioo, jina la Pascal juu.

Januari 1646 baba aliteleza kwenye barafu akaumia nyonga. Ndugu wawili waliosifika kwa kuunga mifupa wakaja kukaa nyumbani kwake miezi mitatu. Mbali na kuunga mifupa walikuwa Wakristo wa mrengo mkali, uitwao Ujansenisti, na walipoondoka nyumba nzima ilikuwa imebadilika. Hilo liweke kando, litarudi.

Vuli ya mwaka huohuo mhandisi Pierre Petit alipita Rouen na habari kutoka Italia. Torricelli alikuwa amejaza zebaki kwenye mrija wa kioo ulioziba upande mmoja, akauziba kwa kidole, akaupindua ndani ya bakuli la zebaki, akaondoa kidole. Zebaki ilishuka kidogo ikasimama kama sentimita 76 juu ya bakuli. Na juu yake, ndani ya mrija, kukabaki nafasi. Nafasi ya nini? Wasomi wengi waliofuata Aristotle walishikilia kwamba utupu hauwezekani, maumbile yanauchukia. Basi lazima pale juu pana kitu: hewa iliyopenya, au mvuke wa zebaki yenyewe.

Rouen ilikuwa na viwanda vizuri vya vioo. Pascal akaagiza mirija mirefu ya futi 46, karibu mita 15, akaifunga kwenye mlingoti wa meli, na mbele ya watu akaijaza mmoja maji na mwingine mvinyo mwekundu. Akawauliza kabla ya kupindua: kipi kitasimama juu zaidi? Wale wa mvuke wakajibu kwa uhakika kwamba mvinyo una roho nyingi zaidi, utatoa mvuke mwingi, kwa hiyo utasukumwa chini. Mirija ikapinduliwa. Mvinyo ukasimama juu kuliko maji, kwa sababu ni mwepesi kuliko maji, na kilichoubeba kilikuwa uzani wa kitu kilicho nje ya mrija. Ningetoa kitu kuziona sura zao.

Mwaka 1647 alichapisha kijitabu cha majaribio hayo. Mjesuiti Étienne Noël, aliyewahi kuwa mwalimu wa Descartes, akampinga kwa barua. Descartes mwenyewe alimtembelea Pascal mgonjwa Septemba mwaka huo, siku mbili mfululizo, akamshauri alale sana na anywe supu, kisha baada ya miezi michache akamwandikia rafiki kwamba Pascal ana utupu mwingi mno kichwani. Baadaye Descartes alidai wazo la kwenda mlimani lilikuwa lake. Nani alimwambia nani nini kitandani pale, hakuna ajuaye kwa hakika. Jacqueline ndiye aliyemwandikia Gilberte habari za ziara hiyo.

Wazo lenyewe ni jepesi. Kama kinachoibeba zebaki ni uzito wa bahari ya hewa tunayoishi chini yake, basi ukipanda juu, hewa iliyobaki juu yako itakuwa pungufu, na zebaki itashuka. Kama ni chuki ya maumbile kwa utupu, haitashuka, maana hakuna atakayesema maumbile yanachukia utupu zaidi bondeni kuliko kileleni. Paris haina mlima. Clermont ina Puy de Dôme, mita 1,465, volkano iliyolala, na kuna shemeji. Tarehe 15 Novemba 1647 Pascal akamwandikia Périer.

Périer alichukua miezi kumi. Alikuwa na kazi, kulikuwa na theluji, na ninahisi kulikuwa na ile hali ya mtu aliyetumwa na shemeji. Lakini alipoifanya, aliifanya vizuri kuliko alivyoombwa. Jumamosi tarehe 19 Septemba 1648, saa mbili asubuhi, alikusanya watu bustanini kwa mapadri wa Minimi, sehemu ya chini kabisa ya mji: mapadri, wanasheria, daktari. Hawakuwa wapambe, walikuwa mashahidi. Akasafisha ratili 16 za zebaki, akachukua mirija miwili inayolingana, akajaza, akapindua. Yote miwili ilisimama inchi 26 na mistari mitatu na nusu (mstari ni sehemu ya 12 ya inchi) kwa vipimo vya Ufaransa wa wakati huo, kama sentimita 71. Mrija mmoja akauacha palepale, akamwomba padri Chastin akae nao kutwa nzima auangalie kama utasogea. Mwingine akapanda nao.

Kileleni, kama mita 1,000 juu ya bustani, zebaki ilisimama inchi 23 na mistari miwili, kama sentimita 62.7. Imeshuka zaidi ya sentimita nane. Périer anaandika kwamba wote walijawa na mshangao, na kwa ajili ya kujiridhisha alirudia mara tano: ndani ya kikanisa kilichoko kileleni, nje kwenye uwazi, penye upepo, penye jua, penye ukungu. Jibu lilelile. Njiani kushuka akapima tena katikati, ikawa katikati. Walipofika chini, padri Chastin akasema mrija wake haukusogea hata kidogo tangu asubuhi.

Huyu padri namfikiria sana. Wenzake wamekwenda kileleni kuona ajabu, yeye kaachwa bustanini kutazama kitu kisichofanya kitu. Bila yeye mtu angesema, labda hali ya hewa ilibadilika, labda zebaki ingeshuka hata ukikaa. Kutokutokea kwa jambo kulihitaji shahidi wake. Kesho yake Périer akapanda mnara wa kanisa kuu la Clermont, ikashuka kidogo, kadiri ilivyopasa. Pascal alipopata barua akafanya vivyo hivyo kwenye minara ya Paris. Chini ya mnara wa Saint-Jacques leo pana sanamu yake. Bustanini kwa Waminimi palistahili nyingine, ya mtu ameketi.

Kisha Pascal, kwa kuwa alikuwa mtoto wa mtu wa kodi, akapiga jumla. Alikokotoa uzito wa hewa yote iliyoizunguka dunia: livre 8,283,889,440,000,000,000. Ukigeuza kuwa kilo unapata kama asilimia 80 ya makadirio ya leo. Kwa mtu aliyekuwa na zebaki, mrija na shemeji, si haba.

Kazi hizo zilimpeleka kwenye kanuni ambayo wengi wetu tumeikalia bila kujua. Chukua chombo kilichojaa maji, kimefungwa kote isipokuwa matundu mawili, moja kubwa mara 100 ya jingine, kila moja lina pistoni yake. Mtu mmoja akisukuma pistoni ndogo anatosha kuwazuia watu 100 wanaosukuma ile kubwa. Na malipo yake yapo wazi: ndogo inashuka inchi 100 ili kubwa ipande inchi moja. Hakuna cha bure. Shinikizo linalowekwa mahali pamoja kwenye kimiminika kilichofungiwa linafika kote. Mwingereza Joseph Bramah aliipatia hati ya mashine mwaka 1795, na kutoka hapo zikaja jeki na breki.

Mjomba wangu alikuwa na gereji chini ya mwembe. Kazi niliyopewa likizo ilikuwa kukaa kwenye kiti cha dereva wakati yeye yuko chini ya gari anatoa upepo kwenye breki. “Kanyaga. Kanyaga. Shikilia!” Nashikilia, yeye analegeza nati, mafuta yanatoka na mapovu, pedali inazama. Tunarudia mpaka mapovu yaishe. Nilipomuuliza kwa nini, alijibu, “Mafuta hayabanwi. Upepo unabanwa. Breki yenye upepo inakubali kila kitu unachoiambia, haikufanyii chochote.” Sijaona kitabu kilichoieleza kanuni ya Pascal, na namna inavyoshindwa, vizuri kuliko hivyo. Na cha kuchekesha, kipimo cha shinikizo kinachoitwa paskali tangu mwaka 1971 hakijulikani kabisa chini ya mwembe ule. Pale ni “weka upepo thelathini na mbili” basi.

Étienne alifariki Septemba 1651. Hapa ndipo familia inapoonyesha upande wa pili. Jacqueline, aliyekuwa mshairi tangu utotoni, alitaka kuwa mtawa huko Port-Royal, nyumba ya watawa wa mrengo uleule wa Ujansenisti. Baba alikuwa amemzuia, na sasa baba hayupo. Blaise, yule aliyeileta dini mpya nyumbani kwa bidii kuliko wote, akamsihi asiende. Alikwenda, tarehe 4 Januari 1652, asubuhi na mapema, kaka yake akiwa chumbani kwa huzuni hakumwona akitoka. Kisha ukaja mgogoro wa fedha. Kule kwao enzi hizo mahari ilitoka kwa mwanamke, naye aliyeolewa na Kristo aliingia na yake vilevile. Jacqueline aliomba fungu lake la urithi ampe Mungu, kaka na dada wakajibu kwa lugha ya wanasheria kwamba mali bado imefungwa. Aliandika juu ya uchungu huo kurasa nyingi. Watawa walikuwa tayari kumpokea mikono mitupu, na nadhani hilo ndilo lililomwaibisha Blaise, maana mwaka 1653 alitoa. Tunayemwita baba wa nadharia ya kamari alibishana na dada yake juu ya fedha za kanisa. Nampenda zaidi kwa kujua hivyo, au nampenda kwa usahihi zaidi.

Na kamari yenyewe? Kiangazi cha mwaka 1654, mtu wa anasa aitwaye Chevalier de Méré alimletea swali. Wachezaji wawili wameweka fedha, mshindi ni atakayefikisha michezo mitatu. Mchezo unakatishwa katikati. Fedha zigawanywe vipi? Swali lilikuwa la zamani. Luca Pacioli mwaka 1494 alisema gawa kwa kadiri ya michezo ambayo kila mmoja amekwisha kushinda. Pascal akamwandikia Pierre de Fermat, hakimu wa Toulouse, na barua zao ni furaha kuzisoma, watu wawili wasioonana wakifika mahali pamoja kwa njia mbili. “Naona ukweli ni uleule Toulouse na Paris,” Pascal aliandika.

Mfano wake ni huu. Kila mmoja kaweka sarafu za pistole 32, jumla 64. Wa kwanza ana ushindi mara mbili, wa pili mara moja. Tuseme wangecheza mmoja zaidi. Wa kwanza akishinda anabeba 64 zote. Akishindwa wako mbili kwa mbili, kila mtu anachukua 32. Basi wa kwanza atasema: 32 ni zangu, nishinde nishindwe. Zilizobaki 32 zinaweza kuwa zangu au zako, tugawane nusu. Yeye 48, mwenzake 16. Pacioli aliangalia nyuma, Pascal akaangalia mbele. Yaliyopita hayana thamani ila kwa kadiri yanavyobadilisha yatakayokuja. Kila bima iliyokatwa tangu wakati huo inasimama hapo.

Kwa michezo mirefu zaidi alitumia ile pembetatu ya namba ambayo kila namba ni jumla ya mbili zilizo juu yake. Inaitwa ya Pascal, lakini Waajemi na Wachina walikuwa nayo karne nyingi kabla. Alichokifanya yeye ni kuithibitisha na kuipa kazi.

Tarehe 23 Novemba 1654, kati ya saa nne na nusu na saa sita na nusu usiku, kulimtokea kitu. Aliandika neno “Moto”, kisha “Mungu wa Ibrahimu, Mungu wa Isaka, Mungu wa Yakobo, si wa wanafalsafa na wasomi.” Karatasi hiyo aliishonea ndani ya bitana ya koti, na mtumishi aliikuta amekwisha kufa. Hakumwambia mtu. Hata dada. Katika maisha yaliyojaa ndugu, hilo ndilo chumba pekee alilojifungia mwenyewe.

Baada ya hapo hesabu zilikuja na kuondoka. Mwaka 1658 jino lilimkosesha usingizi, akajiliwaza kwa mchirizo uitwao saikloidi, ule unaochorwa na tone la tope kwenye tairi linaloviringika, na akapata mambo ambayo Leibniz alikuja kuyasoma kwa faida. Muda mwingi zaidi uliliwa na barua zake 18 dhidi ya Wajesuiti, za 1656 na 1657, na vipande vya karatasi vya kitabu cha kutetea imani ambacho hakukimaliza. Humo mna lile dau lake maarufu juu ya kuwepo kwa Mungu: ukiamini naye yupo unapata vyote, ukiamini naye hayupo hupotezi kitu. Kama mahesabu, ni barua za Fermat zimevaa kanzu. Kama imani, sijawahi kukutana na mtu aliyeongoka kwa ajili yake.

Tena mpwa. Marguerite, binti wa Gilberte, miaka kumi, alikuwa na donda kwenye tundu la machozi kwa zaidi ya miaka mitatu, linatoa usaha. Machi 1656 akaguswa kwa mwiba uliosadikiwa kuwa wa taji la Kristo, akapona, na Kanisa likautambua muujiza. Mjomba wake, bwana wa majaribio na mashahidi, aliamini kwa moyo wote. Wapo wanaoona aibu kwa niaba yake. Mimi naona mtu aliyekuwa akimpenda mtoto.

Jacqueline alifariki Oktoba 1661. Kiangazi kilichofuata Blaise alikuwa amehifadhi familia maskini nyumbani kwake, mtoto wao mmoja akapata ndui. Badala ya kumhamisha mtoto alihama yeye, akaenda kwa Gilberte. Alifia hapo tarehe 19 Agosti 1662, miaka 39. Shemeji akachapisha kazi zake za hewa na vimiminika mwaka 1663. Mpwa, Étienne, akaandika dibaji ya *Pensées*, yaani vile vipande vya kitabu kisichokamilika, mwaka 1670. Gilberte akaandika maisha yake.

Lakini kabla ya kufa alikuwa amezindua kitu kimoja zaidi, na hapa ndipo ninapocheka. Pamoja na rafiki yake Duke wa Roannez alianzisha mabasi. Magari ya farasi ya watu wanane, njia maalumu, nauli moja ya sol tano, yanaondoka kwa wakati uliopangwa hata kama ni matupu. Soma tena: hata kama ni matupu. Sisi tuliozoea kungoja mpaka ijae tunajua hilo ni wazo la ajabu kuliko utupu wa Torricelli. Mahakama kuu ya Paris ilitia doa kwa kuwazuia askari, watumishi na vibarua wasipande. Pascal kwa upande wake alitaka achukue mapema livre 1,000 za fungu lake awapelekee maskini wa Blois waliokuwa na njaa.

Njia ya kwanza ilifunguliwa tarehe 18 Machi 1662. Siku tatu baadaye Gilberte aliandika barua. Mradi umefanikiwa mno, alisema. Watu wanasubiri barabarani, gari linakuja limejaa. Wanajifariji, maana baada ya nusu ya robo saa litakuja jingine. Linakuja, nalo limejaa. Na usidhani natia chumvi, anaongeza, yamenikuta mimi mwenyewe. Alikuwa amesimama mlangoni kwa kanisa la Saint-Merri, mtaa wa Verrerie, anataka kwenda nyumbani kwa kaka yake, na kwa miguu ni mbali kidogo. Yakapita magari matano ya kaka yake. Yote yamejaa.